Tundu Chini ya Ukuta

Mtaani kwetu wananiita Waziri wa Mafuriko. Mawingu yakianza kujikusanya, watu wanapita dirishani kwangu kabla hata hawajafika dukani. "Waziri, mwaka huu vipi?" Nami nawajibu huku mguu uko kwenye pedali, maana mimi ni fundi cherehani na kazi haisimami kwa ajili ya mawingu. Zibueni mtaro mbele ya mlango, nawaambia, na takataka msiziache pembeni, zitarudi humo humo. Viroba jazeni mchanga nusu tu, kiroba kilichojaa pomoni hakilali vizuri, maji yanapenya katikati. Vyeti na hati tieni kwenye mfuko wa plastiki, fungeni, tundikeni darini. Choo kizibeni kwa kiroba, la sivyo kitawatapikia mpaka sebuleni. Maji yakigusa kizingiti, zimeni umeme kwenye mita, msingoje. Na vitu vizito vipandisheni juu ya tofali mapema, siyo maji yameshafika magotini ndiyo mnaanza kuita majirani.

Haya yote nilimfundisha na mdogo wangu. Tena yeye nilimfundisha kwa kumshika mkono, tangu hajui kufunga kiroba. Ndiyo maana mpaka leo jambo hili halijanitoka moyoni.

Sisi tumezaliwa wawili tu. Marehemu baba alituachia kiwanja kimoja, tukakigawa kwa ukuta katikati. Mimi nikapata upande wa juu, yeye upande wa chini, karibu na mtaro mkubwa. Sasa mvua ikinyesha, maji ya kule juu hayana njia nyingine. Yanapita ua hadi ua, kwenye matundu yaliyoachwa chini ya kuta, yanaingia kwangu, yanapita tundu letu, yanaingia kwake, yanamwagikia mtaroni. Ndivyo mtaa mzima unavyoishi. Hakuna anayefurahia tope la jirani uani kwake, lakini kila mtu anayapokea maji na kuyapa njia. Ukiziba tundu lako umemzamisha wa juu yako, hilo hata mtoto wa chekechea analijua.

Tundu letu tulikuwa tunalisafisha pamoja kila mwaka kabla ya mvua. Yeye analala kifudifudi upande wake, mimi upande wangu, tunachokoa majani na mifuko na tope la mwaka mzima. Tukishamaliza, mikono yetu inakutana katikati ya ukuta, na tunabanana vidole mpaka mmoja apige kelele. Mambo ya kitoto, najua. Lakini mama ndiye aliyetuanzishia, na mpaka tumeota mvi alikuwa anakaa kwenye kigoda chake akiuliza, "Mmefikiana?" Tukisema tumefikiana, basi, mvua na inyeshe.

Mama alikuwa anaishi kwangu. Miguu ilishamchoka na masikio nayo yalianza kumkimbia, lakini ulimi mzima kabisa. Alikaa karibu na meza yangu ya kukatia akinikosoa mishono ambayo hata haioni.

Mwaka huu mdogo wangu alikuwa amejenga. Alipandisha ghorofa akaweka wapangaji, na ua wake akautandika vigae, vyeupe, vinateleza hata ukiviangalia. Nilifurahi, sisemi uongo. Nilimpigia vigelegele pale pale uani. Nikamwambia, "Mdogo wangu, sasa tope litakutesa kusugua." Akacheka. Akasema, "Tutajua mbele ya safari, dada."

Mbele ya safari. Na mimi nikacheka naye.

Mawingu yalipoanza kuwa mazito nikamwita tusafishe tundu. Akanijibu kutoka ghorofani, ameegemea ukingo, "Usijisumbue dada, nimeshasafisha kwangu. Wewe chokoa hapo mbele tu, wavu ule wa chuma wa kwenye mdomo wa tundu usiutoe, umeoza, utakukata mkono." Nikaona mwenzangu ananionea huruma. Nikachokoa mbele ya wavu, nikatoa majani, nikanyanyuka. Mama akauliza kutoka kwenye kigoda chake, "Mmefikiana?" Nikamjibu, "Mwaka huu yeye kawahi, mama." Mama akaguna. Lile guno ningelisikiliza vizuri!

Siku iliyofuata mdogo wangu akaja mwenyewe, kajitanda kanga, mpole kama mgonjwa. Akanisaidia kupandisha cherehani. Ninazo tatu za umeme, zile za kiwandani: ya kushonea, ya ovaloki ya kufungia kingo, na ya matundu ya vifungo. Vichwa vyake ni chuma kitupu, na mota zinaning'inia chini ya meza, juu ya goti kidogo tu. Hizo ndizo zilizonisomeshea watoto, hizo ndizo zilizomlisha mama. Nilikuwa na sare za chuo cha wauguzi mezani, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na nilikuwa nimeisubiri miaka. Bila zile mota mimi ni mwanamke mwenye sindano na uzi tu. Kila mwaka naweka tofali mbilimbili chini ya kila mguu wa meza, na inatosha, maji hayajawahi kupita tofali ya kwanza.

Mdogo wangu akaziangalia zile tofali. Akasema, "Mwaka huu weka tatu, dada."

"Tatu za nini? Meza itacheza, nitashona mishono ya nyoka."

"Basi tu. Wanasema mvua ni kubwa."

Sikuweka. Nani wanasema? Waziri ni mimi.

Kisha akatoa la pili. "Na mama nimchukue akakae kwangu, wiki hii tu. Upumzike kidogo. Kila siku wewe, kila siku wewe."

Jamani, nililia. Nilimshika mkono mdogo wangu nikalia, nikamwambia Mungu akuweke. Miaka yote nilikuwa nasubiri mtu aseme neno hilo. Nikamfungia mama nguo zake, dawa zake, redio yake. Nikambeba mgongoni mpaka mlangoni kwa mdogo wangu, huku ananigombeza njia nzima kwamba nambana mbavu. Nikamkabidhi kwa mikono yangu miwili.

Mvua ikaanza asubuhi, watu wanakunywa chai. Haikuwa na haraka. Ilinyesha kama mtu aliyeamka na nia. Nikazima umeme, nikaziba choo, nikapanga viroba mlango wa mbele. Nikakaa juu ya meza ya kukatia nikiwa na chupa yangu ya chai, najisifu kimoyomoyo.

Maji yakaniingilia kwa nyuma.

Kwanza nikaona kandambili zangu zinaelea, zinakuja kutoka mlango wa uani. Nikashuka, nikaenda kutazama. Ua ulikuwa umejaa maji ya kahawia, yanazunguka tu mahali pamoja, hayaendi popote. Tangu nizaliwe sijawahi kuyaona maji yakisimama kwenye ua ule. Nikadhani majani yameziba wavu. Nikapiga magoti humo humo, maji kifuani, nikaung'oa ule wavu kwa mkono mmoja, na wala haukuwa umeoza. Nikaingiza mkono kwenye tundu.

Mkono uligota. Haukuwa hata umefika kiwiko. Nikapapasa, nikasema labda ni jiwe. Lilikuwa laini, limesawazishwa vizuri, na kwenye kingo nikasikia mistari ya mwiko.

Saruji.

Sijui nilikaa pale kwa muda gani na mkono wangu ndani ya ukuta. Nilikuwa natafuta maelezo mengine. Labda fundi alikosea. Labda ni mambo ya wapangaji. Kisha nikaukumbuka wavu ambao nisiutoe. Nikakumbuka tofali tatu. Na pale nikahisi kitu kimenikatika hapa, chini ya ziwa la kushoto, nikajua kwamba nimeuzwa, na aliyeniuza ni tumbo moja na mimi.

Nikapiga ukelele. Jirani wa ng'ambo ya barabara, fundi matairi tunayemwita Baba Pancha, akaja mbio na ile nyundo yake kubwa ya kugongea rimu. Aliona maji, akaona mkono wangu ulivyochubuka, akauliza, "Wameziba?" Nikamwonyesha tundu. Akaninyooshea nyundo. "Bomoa, Waziri. Saruji mbichi hii, mapigo machache tu. Au nikubomolee?"

"Lete," nikasema. "Tundu ni langu."

Ndani, maji yalikuwa yameshapita tofali ya kwanza, yanailamba ya pili. Kutoka pale hadi kwenye mota palibaki dhiraa moja hivi. Ningeweza kuziba tundu la juu, yasiendelee kuja, lakini juu yangu kuna mama mwenye mapacha wachanga, na mimi si mtu wa kumfanyia mwenzangu hivyo. Nikanyanyua nyundo.

"Dada!"

Yuko ghorofani, kwenye ukingo wake, ana mwavuli. Mwavuli! "Dada, usibomoe! Mama yuko chumba cha uani, amelala! Mlango wake unatazama hapo hapo kwenye tundu. Ukibomoa yanamvamia kitandani!"

Nyundo ikabaki hewani. Nikapaza sauti, "Mtoe basi! Mpandishe juu!"

"Nimpandishe na nani? Niko peke yangu, wapangaji wako kazini. Miguu hana, unajua!"

"Fungua mbele nije nimbebe!"

"Nimeziba kwa viroba na turubai, nikifungua tu barabara nzima inaingia. Dada, tafadhali. Ni mama!"

Juu ya ukuta kuna vipande vya chupa, hatukuweza kuuruka. Baba Pancha ananitazama, anamtazama yeye, ananitazama mimi. "Waziri, amua, maji hayasubiri." Nikaangalia mlangoni kwangu. Nilikuwa naona meza ya ovaloki kutoka pale, na mota yake inaning'inia, na maji yanaipandia taratibu bila wasiwasi wowote. Halafu nikamwona mama, namna anavyolala amekunja miguu, na masikio yale, hata asingesikia maji yakiingia.

Nikashusha nyundo. Nilimrudishia mwenyewe, nikamwambia, "Chukua, Baba Pancha, kabla sijabadili mawazo." Naye akaipokea, akaiegemeza ukutani, akaingia ndani kwangu kuokoa vitu.

Tuliokoa sare za wauguzi, tukazitundika darini bunda kwa bunda. Vichwa vya cherehani tulijaribu kuvifungua, nati zilikuwa na kutu, hazikufunguka. Maji yakafika kwenye mota, yakazifunika. Yalikaa siku mbili, kwa sababu hayakuwa na pa kwenda. Meza zangu ni za mbao za maranda, zile zikinywa maji zinavimba kama mkate. Ya ovaloki ilivunjika kwanza, kichwa kikaenda chini kwenye tope kwa kishindo. Nyingine zikafuata. Nilikuwa nimekaa juu ya kabati nikizisikiliza. Nikajipa moyo kwa neno moja tu: mama ni mkavu. Zimekwenda, lakini mama ni mkavu. Nilisema hivyo mpaka nikaanza kuona kwamba nimefanya biashara nzuri, na kwamba hata yule mdogo wangu, pamoja na ubaya wake, angalau mama anamjali.

Maji yalipopungua mlangoni nikaenda kumwona. Nilikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Mlango wa mdogo wangu ulikuwa wazi, turubai limeshakunjwa, naye hakuwepo sebuleni. Nikapitiliza moja kwa moja hadi uani. Vigae vinang'aa, hata tone hakuna. Nikasukuma mlango wa chumba cha uani.

Makopo ya rangi. Mifuko ya saruji iliyobaki, ngazi, ndoo, boksi za vigae mpaka darini. Hapakuwa na nafasi ya kulaza paka.

"Nani huyo?" Sauti ya mama, kutoka juu. "Wewe mkubwa? Njoo huku, ngazi mimi siziwezi!"

Nikapanda. Amekaa kitandani karibu na dirisha, redio mapajani, mzima, mkavu, amesukwa nywele.

"Mama, ulihamia huku lini?"

"Kuhamia? Tangu siku ile uliyonileta. Walinibeba na kiti, yule mpangaji mwenye ndevu na fundi mwashi, Bwana Kesho. Niliwaambia mnaniangusha, hao!" Akacheka. "Niko juu huku kama malkia. Nimeikosa mvua yote, nasikia tu bati. Huyu mdogo wako ana moyo, umwambie asante. Na cherehani zako, zimepona?"

Bwana Kesho! Mtu ambaye kizingiti changu amekiahidi kesho tangu watoto wangu hawajaota meno. Mara hii tu maishani mwake alifanya kazi leo, na ilikuwa kuziba tundu langu na kumbeba mama yangu.

"Zimepona, mama," nikasema.

Nikamkuta mdogo wangu kwenye ngazi, anapanda na sahani ya mama. Tulisimama hivyo, mimi juu yeye chini. Nilikuwa nimeandaa matusi ya mwaka mzima. Mimi si mtu wa kukosa neno, waulizeni. Lakini lililotoka ni hili tu: "Chumba cha uani."

Akaangalia sahani.

"Alikuwa juu," nikasema. "Nimesimama pale na nyundo mkononi, na mama yuko juu anasikiliza redio."

"Vigae vilikuwa bado havijashika, dada. Tope lingeviharibu vyote. Nilikwambia weka tofali tatu. Nilikwambia."

"Ulikuwa unajua sitabomoa."

Hapo akaniangalia. Macho yake ni yale yale ya utotoni, yale ya nibebe, nimechoka. "Nilijua," akasema. "Kwa mama huwezi. Ningesema nini kingine? Kwa maneno yangu mimi ungesimama?"

Nilitaka kumzaba kofi. Mkono uliinuka kabisa, sifichi. Mama akaita kutoka ndani, "Mnanong'ona nini? Leteni chakula!" Mkono ukashuka. Nikampisha, akapita na sahani yake. Aliponifikia begani akasema kwa sauti ya chini, "Muache mama akae, dada. Kwako hakukaliki sasa." Na kilichonitia wazimu ni kwamba ni kweli. Kitanda cha mama kilikuwa kinanuka choo. Ilinibidi nimwache mama yangu katika nyumba ile ile, chini ya mikono ile ile, na nishukuru.

Fundi wa mota alikuja, akafungua moja, tope likamwagika kwenye viatu vyake. Akazifungua na nyingine mbili kwa heshima tu, kisha akaanza kuuliza habari za watoto, nikajua zimekufa zote. Sare za wauguzi nilizirudisha chuoni zimekunjwa vizuri, hazijashonwa vifungo. Yule mama wa stoo alinipa pole. Kazi akampa mwingine.

Jua lilipotoka nikaenda kwa Baba Pancha nikaazima nyundo. Akataka kuja nikamkatalia. Ua wangu ulikuwa umeshakauka, umebaki utelezi na dimbwi moja pembeni. Nikalala kifudifudi pale pale ninapolala kila mwaka, nikagonga. Alisema kweli, mapigo machache tu. Saruji ikameguka, ikaangukia upande wa pili, na lile dimbwi likajivuta, likapita, nikalisikia linateremka kwenye vigae.

Dirisha la ghorofani likafunguka. "Nani anagonga?" mama akauliza.

"Mimi, mama. Nasafisha tundu."

"Sasa hivi? Mvua imeshapita!" Akangoja kidogo. "Haya. Mmefikiana?"

Nilikuwa nimeingiza mkono mpaka begani, umetokeza kabisa upande wa pili. Nilisikia kandambili za mdogo wangu zinakuja juu ya vigae, zikasimama karibu na ukuta. Nikafungua vidole. Nikasubiri. Kisha nikasikia maji ya ndoo yakimwagwa, na ufagio, anasugua lile tope, anazunguka mkono wangu asiuguse.

"Niko peke yangu, mama," nikasema, na kwa masikio yale sijui kama alinisikia.